Jukwaa la Mafuta Likistaafu, Samaki Wabaki na Nyumba?

Ndugu msomaji, muulize mvuvi yeyote mzee wa pwani ni wapi lilipozama jahazi fulani miaka mingi iliyopita. Aghalabu atakuwa anapajua, tena kwa alama zake: mnazi ule ukiwa sawa na mnara ule, na kilima kile kikianza kufichwa na kisiwa. Anapajua kwa sababu ndipo anapoteremsha mshipi wake siku ambayo kwingine kote hakuna kitu. Mbao zilizooza na nanga iliyoliwa na kutu zimekwisha kuwa nyumba chini ya maji, na penye nyumba hapakosi wenyeji.

Elimu hiyo ya mvuvi ndiyo kiini cha mabishano makubwa yaliyozuka katika nchi zinazochimba mafuta na gesi baharini. Kisima cha mafuta kina umri wake. Huanza kwa kububujika, hupungua mwaka hadi mwaka, na mwisho hukauka au huwa hakilipi gharama. Siku hiyo ikifika, jukwaa la chuma lililosimamishwa juu yake huwa halina kazi tena. Je, ling'olewe lote na bahari irudishwe kama ilivyokuwa? Au miguu yake iachwe chini ya maji, kwa kuwa katika miaka 30 au 40 iliyosimama imekwisha kuwa mwamba wenye viumbe maelfu?

Huenda ukauliza: mambo hayo yanaihusu nini familia yangu, ambayo samaki huiona sokoni na mafuta huyaona kwenye taa ya kibatari? Naomba uvumilivu wako. Nyuma ya swali la vyuma na samaki liko swali jingine linalojulikana katika kila nyumba: aliyekula karamu na akaondoka, vyombo ataviosha nani?

MSITU WA CHUMA

Habari yenyewe inaanzia katika Ghuba ya Mexico, upande wa kusini wa Marekani. Mwaka 1947 kampuni ya Kerr-McGee ilichimba mafuta kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa kilomita 17 hivi kutoka pwani ya Louisiana, mahali ambapo nchi kavu ilikuwa haionekani tena. Kina cha maji pale kilikuwa kama mita sita tu, lakini hatua ile ilifungua mlango. Katika miaka iliyofuata majukwaa yaliyosimamishwa kaskazini mwa ghuba hiyo yalifikia kiasi cha 7,000, na mwanzoni mwa karne hii yale yaliyokuwa yamesimama kwa wakati mmoja yalikaribia 4,000.

Jukwaa la mafuta lina sehemu mbili. Ya juu ndiyo inayoonekana kwa mbali: mitambo, vyumba vya wafanyakazi, winchi na kiwanja cha helikopta. Ya chini ni kiunzi cha mabomba makubwa ya chuma, yaliyosimama kama miguu ya meza na kuunganishwa kwa mabomba mengine ya mshazari, kuanzia juu ya mawimbi hadi chini kabisa, ambako miguu hiyo hushikiliwa na nguzo zilizopigiliwa ardhini. Mafundi waliokisanifu kiunzi hicho walifikiria uzito, mawimbi na tufani. Samaki hakuwa katika hesabu zao.

Sasa, sehemu kubwa ya sakafu ya kaskazini ya ghuba ile ni tope na mchanga uliotandaa kama uwanja. Miamba iko, lakini ni michache na imetawanyika. Kiumbe anayetaka mahali pagumu pa kujishika huweza kuchukuliwa na mkondo mwendo mrefu asipate hata jiwe. Katika nyika ya namna hiyo, kusimamisha vyuma elfu nne ni kama kuotesha msitu jangwani.

JINSI CHUMA KINAVYOGEUKA MWAMBA

Hebu tutazame jinsi msitu huo unavyoota. Chuma kipya kikiingia majini hakikai utupu kwa muda mrefu. Kwanza hufunikwa na utando laini wa vijidudu na miani midogo, kama ule utelezi unaouona kwenye ngazi za gati. Kisha hufika mabuu ya viumbe wanaotafuta pa kukaa maisha yao yote: chaza, kome, na wale wadogo wenye magamba makali ambao wavuvi huwakwangua chini ya vyombo vyao kila wanapovipandisha pwani. Hawa hujigandisha juu ya chuma, wengine hujigandisha juu yao, na baada ya miaka michache bomba lililokuwa laini huwa limenenepa kwa ganda lenye mashimo na nyufa.

Nyufa hizo ni vyumba. Kaa huingia, kamba wadogo huingia, minyoo ya bahari huingia. Sifongo na matumbawe hushika nafasi zao. Wakubwa hufuata chakula, na wakubwa zaidi hufuata wale wakubwa. Katika Ghuba ya Mexico watu waliozamia chini ya majukwaa wameeleza habari za chewa wanaojificha kivulini, makundi ya kolekole wakizunguka miguu ya chuma, mizia wakiwa wametulia kama mikuki, na yule samaki mwekundu ambaye Wamarekani wanampenda mno mezani, wa jamii moja na kungu wetu. Idara za serikali ya nchi ile zinakadiria kwamba jukwaa moja la kawaida la miguu minane laweza kuwa maskani ya samaki 12,000 hadi 14,000, na kwamba hata la miguu minne hutoa ekari mbili hadi tatu za mahali pa kukaa viumbe.

Zipo sababu mbili zinazofanya chuma hicho kizae kuliko mwamba wa kawaida. Ya kwanza ni urefu. Mwamba wa asili mara nyingi hulala chini, lakini jukwaa husimama kuanzia kwenye jua hadi kwenye giza, na kila kimo kina wakazi wake, kama jengo la ghorofa. Samaki wachanga wanaoelea na mkondo hukutana nalo katikati ya maji, wakapata pa kujificha kabla hawajaliwa. Chini yake, magamba ya kome yanayobanduliwa na mawimbi hudondoka mwaka baada ya mwaka na kufanya kichuguu, nacho huwa nyumba ya pili.

Sababu ya pili ni amani. Meli zenye nyavu za kukokota hazithubutu kupita karibu na vyuma, maana nyavu zitanasa. Tena sheria ya kimataifa ya bahari inaruhusu eneo la usalama la hadi mita 500 kuzunguka jukwaa. Kwa hiyo viumbe walioko pale hupata kitu ambacho ni adimu katika bahari nyingi za leo, nacho ni kutosumbuliwa. Ikumbuke sababu hii, ndugu msomaji, kwa kuwa tutairudia.

SIKU YA KUSTAAFU

Kwa desturi, mkataba wa kuchimba mafuta katika maji ya Marekani humtaka mwenye jukwaa aliondoe kazi ikiisha, na miguu ikatwe mita nne na nusu hivi chini ya sakafu ya bahari, ili pasibaki kisiki cha kunasa nyavu wala cha kuhatarisha vyombo. Sheria hiyo ina busara yake. Lakini kazi ya kukata chuma kinene chini ya tope ni ngumu, na mara nyingi hufanywa kwa kutia baruti ndani ya miguu.

Wewe unayekaa pwani yetu huhitaji kuelezwa baruti hufanya nini majini. Samaki wenye kibofu cha hewa hupasuka, wakaelea juu kwa mamia. Tangu miaka ya 1980 waangalizi huwekwa kutazama kama kuna kasa au pomboo karibu kabla ya mlipuko. Lakini samaki wakaazi wa jukwaa lenyewe hawana wa kuwangojea watoke. Nyumba iliyojengwa kwa miaka 30 hubomoka mara moja pamoja na wenyeji wake.

Ndipo likazuka wazo la kuliacha jukwaa libaki baharini. Mwaka 1979 mtambo mmoja wa chuma ulichukuliwa kutoka Louisiana na kuzamishwa karibu na Florida ili uwe mwamba wa samaki. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuendeleza uvuvi iliyofungua njia ya miamba bandia. Louisiana ikafuata kwa sheria yake mwaka 1986 na Texas mwaka 1989. Tangu wakati huo majukwaa zaidi ya 500 ya ghuba ile yamegeuzwa kuwa miamba.

Kazi hiyo hufanywa kwa njia tatu. Kiunzi hukatwa na kuvutwa hadi mahali palipotengwa, au huangushwa ubavu palepale kilipo, au hukatwa nusu: sehemu ya juu huondolewa na ya chini huachwa imesimama, maji yawe na kina cha kama mita 26 juu yake ili meli zipite salama. Kwa kila njia, mitambo ya juu yenye mafuta na kemikali hupelekwa nchi kavu, na visima huzibwa kwa saruji kwanza.

Na fedha je? Hapa pana jambo la kuangaliwa. Kuacha vyuma ni rahisi kuliko kuving'oa. Basi katika majimbo hayo imewekwa kanuni kwamba fedha kampuni iliyookoa kwa kutong'oa igawanywe: nusu ibaki kwa kampuni, na nusu iingie katika mfuko wa serikali ya jimbo kwa ajili ya kutunza miamba na uvuvi. Kampuni huridhika, jimbo huridhika, wavuvi wa mshipi na wazamiaji huridhika. Wasioridhika ni wavuvi wa kamba wanaokokota nyavu, maana kila mwamba mpya ni kipande cha uwanja wao kilichofungwa.

PWANI ISIYOSAHAU

Kama habari ingeishia hapo, tungesema kila mtu amefaidi, tukafunga kitabu. Lakini hebu tuhamie upande wa pili wa Marekani, katika pwani ya California.

Mnamo tarehe 28 Januari, 1969, kisima kilicho chini ya jukwaa moja karibu na mji wa Santa Barbara kilipasuka. Mapipa yanayokadiriwa kuwa kati ya 80,000 na 100,000 ya mafuta yasiyosafishwa yalimwagika baharini. Fukwe zikawa nyeusi, na ndege wa bahari wakafa kwa maelfu. Msiba ule ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyochochea harakati za kulinda mazingira katika nchi nzima. Watu wa pwani ile waliahidiwa kwamba siku moja vyuma vile vitaondoka.

Miaka ikapita. Mtaalamu wa samaki wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, Milton Love, pamoja na wenzake, walishuka kwa nyambizi ndogo mwaka hadi mwaka tangu miaka ya 1990 kuhesabu samaki chini ya majukwaa hayo. Waliyoyakuta yalitatanisha watu wengi. Kulikuwako samaki mmoja wa miambani aitwaye bokachio ambaye alikuwa amevuliwa hadi akakaribia kuisha. Katika hesabu ya mwaka 2003 walikadiria kwamba watoto wa samaki huyo wasiopungua 430,000 walikuwa wamejihifadhi kwenye majukwaa manane tu, idadi iliyo sawa na sehemu ya tano ya watoto wote wa aina hiyo wanaonusurika kwa mwaka wa kawaida katika eneo lake lote. Mwaka 2014 uchunguzi mwingine ulieleza kwamba, ukipima kwa kila mita ya mraba ya sakafu ya bahari, majukwaa 16 ya California yalizalisha nyama ya samaki mara kumi hivi kuliko makazi mengine ya bahari yaliyowahi kupimwa kwa njia hiyo. Mwaka uliofuata wataalamu haohao walikadiria kwamba kiunzi kikikatwa juu tu na kuachwa chini, asilimia 80 ya uzito wa samaki wale ingebaki.

Basi jimbo la California likatunga sheria mwaka 2010 ya kuruhusu jukwaa ligeuzwe mwamba, kwa sharti kwamba ithibitishwe kuwa bahari itafaidika zaidi kwa kuliacha, na kampuni itoe sehemu kubwa zaidi ya nusu ya fedha ilizookoa. Hata hivyo, zaidi ya miaka kumi ilipita bila jukwaa hata moja kugeuzwa chini ya sheria hiyo. Wapo wakazi na vyama vya mazingira wanaosema: tuliahidiwa bahari safi, na sasa mnatuambia takataka ni zawadi. Wanakumbusha pia kwamba mwaka 1996 majukwaa manne yaling'olewa katika pwani hiyo, lakini vichuguu vya magamba vilivyochanganyika na uchafu wa kuchimbia viliachwa palepale chini.

Usiwacheke watu hao, ndugu msomaji, wala usidhani hawapendi samaki. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wanachoogopa ni kwamba ahadi ikivunjwa mara moja kwa sababu nzuri, mara ya pili itavunjwa kwa sababu mbaya.

FUNZO LA BRENT SPAR

Ulaya nako mambo yalikwenda kwa ukali zaidi. Mwaka 1995 kampuni ya Shell ilitaka kulizamisha Brent Spar katika kilindi cha bahari ya Atlantiki. Brent Spar halikuwa jukwaa la kuchimbia. Lilikuwa ghala kubwa la chuma la kuhifadhia mafuta, lenye uzito wa tani 14,500, lililoelea wima katika Bahari ya Kaskazini tangu mwaka 1976. Wanaharakati wa Greenpeace walilipanda na kulikalia kuanzia mwisho wa mwezi wa Aprili. Huko Ujerumani wenye magari wakaacha kununua petroli ya kampuni hiyo. Tarehe 20 Juni kampuni ikasalimu amri. Ghala lile likavutwa hadi Norway, likakatwa vipande, na vipande vyake vikajengewa gati.

Baada ya ushindi huo yalitokea mambo mawili. La kwanza, Greenpeace wenyewe walikiri na kuomba radhi kwamba kiasi cha mafuta walichodai kimebaki ndani ya ghala kilikuwa cha makosa. La pili, wataalamu walikuta juu ya chuma chake matumbawe ya maji baridi, ya aina inayoota polepole katika vilindi na kuhesabiwa kuwa ya thamani. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1999. Lakini mwaka mmoja kabla yake, mwaka 1998, nchi za Ulaya zinazopakana na Atlantiki ya kaskazini-mashariki zilikuwa zimekwisha kukubaliana kwamba majukwaa yaliyostaafu yasiachwe baharini, isipokuwa kwa idhini maalumu kwa yale mazito mno, kama vile yenye miguu ya zege.

Hivyo bahari mbili zikawa na sheria mbili zinazopingana. Louisiana husema: acheni, ni nyumba. Ulaya husema: ondoeni, ni taka. Chuma ni kilekile.

Upande wa Asia wako wanaojaribu njia ya kati. Mwaka 2020 nchini Thailand viunzi saba vya majukwaa vilipelekwa karibu na kisiwa cha Koh Phangan vikawe miamba ya samaki. Viunzi pekee ndivyo vilivyopelekwa, bila mitambo ya juu.

SAMAKI HUZALIWA PALE AU HUALIKWA TU?

Tukitaka kuhukumu kwa haki, hatuna budi kuuliza maswali ambayo wenye kampuni hawapendi kuyauliza kwa sauti.

Swali la kwanza: wale samaki maelfu wamezaliwa kwa sababu ya chuma, au wamekusanyika tu kutoka kwingine, kama watu wanavyokusanyika chini ya mwembe wakati wa jua? Kama wamekusanyika tu, basi jukwaa halikuongeza samaki baharini. Limemrahisishia mvuvi kuwakuta mahali pamoja, nao wataisha upesi zaidi. Wataalamu wamebishana juu ya jambo hili kwa miongo mingi. Jibu linaelekea kuwa tofauti kwa kila samaki na kila bahari. Kwa bokachio wa California, ushahidi ni kwamba watoto hukulia pale kweli. Kwa samaki mwekundu wa Ghuba ya Mexico mabishano yamekuwa makali.

Swali la pili: nyumba hii imewakaribisha wageni gani? Liko tumbawe moja la rangi ya machungwa, lenye asili ya bahari zetu za Hindi na Pasifiki. Huku kwetu lina maadui na majirani wa kulizuia. Lilipofika Brazili na Ghuba ya Mexico, ambako wataalamu husema limesafiri juu ya vyombo na mitambo, lilishika vyuma vya majukwaa na kuenea. Vivyo hivyo samaki mwenye mapezi ya miba ya sumu, naye pia ni wa bahari zetu, amepata pa kukaa kule na anawala wachanga wa wenyeji. Msitu wa chuma huwa daraja, na daraja halichagui anayepita.

Swali la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote: ile sababu ya pili tuliyoitaja, yaani amani, itabaki? Jukwaa likiwa kazini, wavuvi wakubwa hukaa mbali. Likigeuzwa mwamba na kutangazwa kwenye ramani, kila mwenye mashua huja. Nyumba bila mlango si nyumba. Kwa hiyo anayesema aliacha chuma kwa ajili ya samaki, lakini asiweke kanuni yoyote ya uvuvi pale, amewaandalia samaki mtego.

DENI HALIZAMI

Sasa tufike kwenye vyombo vya karamu. Chuma kikiachwa, kitaliwa na kutu kwa miaka mingi sana. Kisima kilichozibwa kwa saruji kinaweza kuvuja siku za usoni. Meli inaweza kugonga, mzamiaji anaweza kunasa. Ni nani atakayejibu wakati huo?

Katika Ghuba ya Mexico, jukwaa likikubaliwa kuwa mwamba, jimbo ndilo linalochukua dhamana ya kiunzi; dhamana ya kisima hubaki kwa kampuni. Mgawanyo huo unaonekana wa haki. Lakini majukwaa mengi, yakizeeka, huuzwa na kampuni kubwa kwa kampuni ndogo, na kampuni ndogo inaweza kufilisika kabla ya siku ya kustaafu. Tena uko mfano wa kutuonya. Mwaka 2021 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza kwamba mabomba ya mafuta yaliyoachwa yamelala chini ya ghuba ile badala ya kuondolewa ni asilimia 97 ya yote yaliyostaafishwa tangu miaka ya 1960, urefu wa kilomita kama 29,000. Ruhusa iliyokuwa iwe ya mara mojamoja iligeuka kuwa desturi. Wala hakuna aliyedai kwamba mabomba hayo yaliachwa kwa ajili ya samaki.

Maoni ya mwandishi wa makala haya ni kwamba pande zote mbili zimeona kweli, kila moja nusu. Anayelitazama jukwaa lenye umri wa miaka 40 akaona taka tupu, hajashuka chini. Kulilipua ili kutimiza herufi ya sheria, huku maelfu ya viumbe wakielea wamekufa, ni usafi wa ajabu. Lakini anayeona nyumba ya samaki tupu, naye hajasoma mkataba. Kampuni haikusimamisha jukwaa kwa kuwapenda chewa. Ilisimamisha ili kuchuma, ikachuma, na wajibu wa kusafisha ulikuwa sehemu ya bei tangu mwanzo. Chuma kinaweza kuzamishwa. Deni halizami.

Kwa hiyo kila jukwaa lipimwe peke yake: lina viumbe gani, liko katika bahari ya tope au ya miamba, lina uchafu gani chini yake. Likistahili kuachwa, liachwe; lakini visima vizibwe na kukaguliwa, fedha iliyookolewa iende kwa umma na sehemu yake iwekwe akiba ya kutunza mahali pale kwa vizazi, na uvuvi uwekewe mpaka. Hapo ndipo samaki watakapokuwa wamerithi nyumba kwa haki, na si kutumiwa kama shahidi wa kumtetea mdaiwa.

NA SISI JE?

Mambo haya hayako mbali nasi kama yanavyoonekana. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004. Tangu mwaka 2010 imegunduliwa gesi nyingi katika vilindi vya bahari yetu ya kusini. Ni kweli kwamba katika kina cha zaidi ya mita elfu moja hakuna miguu ya chuma ya kugeuzwa mwamba. Mitambo hulazwa sakafuni. Lakini kila kisima kitazeeka, na swali la nani atakayeosha vyombo linafaa kuulizwa karamu ikianza, sio wageni wakiwa wameshavaa viatu.

Zaidi ya hayo, ipo hatari ya kujifunza funzo lisilo lake. Mtu asije akasema: ikiwa chuma hufanya mwamba, ya nini kujali miamba? Majirani zetu wa Kenya walizamisha meli ya MV Dania karibu na Mombasa mwaka 2002 ili iwe maskani ya samaki, na ni jambo jema. Lakini Ghuba ya Mexico ilihitaji chuma kwa sababu sakafu yake ni tope. Sisi tumepewa matumbawe yaliyojengwa kwa maelfu ya miaka bila gharama ya senti moja, kisha baadhi yetu tukayapiga baruti kwa ajili ya kitoweo cha siku moja. Nchi tajiri zinatumia fedha nyingi kutafuta kitu ambacho sisi tumekuwa tukikivunja.

Na ile amani tuliyoisema haihitaji jukwaa. Huko Pemba, katika shehia kama Kisiwa Panza, wananchi wenyewe wamewahi kukubaliana kuufunga mwamba kwa muda ili pweza wakue, kisha wakaufungua wakavua wakubwa. Hakuna chuma kilichohitajiwa pale. Ilihitajiwa ahadi, na watu wa kuishika.

Mzazi mwenzangu, jioni ya leo utakapokaa na watoto, waulize swali hili: mtu akijenga nyumba kwa faida yake, ndege wakaweka viota darini, naye akataka kuondoka, afanye nini? Wadogo watasema awaachie ndege. Wakubwa watasema abomoe nyumba yake. Wasikilize wote, kisha waulize kama kabla ya kuondoka ameshalipa kodi ya kiwanja.